Mapenzi na Historia: Riwaya Tano za Kusoma Msimu Huu wa Baridi

Poleni na masomo, poleni na baridi, na wale wanaobeba maboksi usiku halafu asubuhi wako darasani, poleni zaidi.

Toleo hili nimeombwa niandike juu ya riwaya za mapenzi na za kihistoria. Wengi mlitaka orodha tu. Orodha nitawapa, lakini nimeona nianze na somo dogo la namna ya kuzisoma, maana orodha bila somo utaisahau kabla hujafika kituo cha basi.

Kwanza, kwa nini tuhangaike? Chama chetu kina watu wa Unguja na Pemba, Dar, Mombasa, Bujumbura, na wengine wamekulia Maskati wakizungumza Kiswahili nyumbani. Raha tupu, mpaka mtu ataje Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Hapo pilau inapoa! Huyu babu yake alinyang'anywa shamba. Yule babu yake alichuma karafuu katika shamba kama hilo miaka yote na hakuwa na hata mche wake. Kila mmoja anasema aliyosimuliwa kwao, na wapo wasiosalimiana vizuri mpaka leo kwa maneno yaliyotupwa mezani. Riwaya ina faida moja kubwa hapa: huwezi kuikatiza. Utakaa na mtu wa upande wa pili kurasa mia mbili, ujue anachokipenda na kinachomliza, kabla hujamjibu.

Sasa somo lenyewe. Riwaya ya mapenzi inataka wawili wanaopendana na kitu kinachowazuia. Kizuizi kikikosekana, wanaoana ukurasa wa kumi na hadithi imekwisha. Sisi wasomaji macho yetu huwa kwa wapenzi. Mimi nasema, tazama kizuizi! Moyo wa binadamu haubadiliki sana, ila mwenye nguvu ya kusema "hapana" anabadilika kila zama, na hiyo ndiyo historia yenyewe. Kwa hiyo ukisoma, jiulize maswali matatu: Nani anasema hapana? Nguvu hiyo kaipata wapi? Na wapenzi wakikaidi, nani analipa?

Haya, twende na vitabu, kwa kufuata zama vinazozisimulia.

1. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, cha Aniceti Kitereza. Hiki ni cha Ukerewe, kisiwa kilichomo Ziwa Victoria, zama za kabla ya wakoloni. Mume na mke wanapendana kweli, lakini hawajapata mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke, wazazi wa mke wanachoka kuona binti yao anaonewa, wanamrudisha kwao. Myombekere inabidi aende ukweni akaombe, na anatozwa faini ya pombe ya ndizi. Nani anasema hapana? Ukoo. Mapenzi ya wawili ni mali ya watu wengi. Kitabu ni kinene na kinakwenda polepole, kina kilimo, uvuvi, dawa na adabu za ukweni, basi usikisome kwa pupa. Jua pia kwamba Kitereza alikiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kikachapwa mwaka 1980. Alifariki 1981. Miaka 35 ya kusubiri, si mchezo!

2. Peponi, cha Abdulrazak Gurnah. Alikiandika kwa Kiingereza mwaka 1994 kwa jina la Paradise, na baada ya kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis ilitoka mwaka 2022. Ni zama za misafara ya biashara, Wajerumani wakiwa wameanza kuishika nchi, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Yusuf ni mtoto anayetolewa rehani kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake. Anakua, na moyo wake unamwangukia Amina, ambaye naye yumo katika nyumba ile ile kwa sababu ya madeni ya wakubwa. Nani anasema hapana? Deni. Hakuna mnyororo wala fimbo mlangoni, na bado hawako huru. Ukikimaliza, tafuta Afterlives cha mwaka 2020, ambamo Hamza na Afiya wanajenga mapenzi baada ya vita vya Wajerumani.

3. Vuta n'kuvute, cha Adam Shafi, 1999. Wengi mlikisoma kwa ajili ya mtihani, mkakariri "dhamira" na "mtindo" mkasahau kwamba ni kitabu kitamu! Kirudieni. Ni Unguja ya miaka ya 1950. Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa kwa mzee Raza, anamkimbia, na jamaa zake wanamkana. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke wa uswahilini asiye na kitu. Baadaye anapendana na Denge, kijana anayepingana na Waingereza na kuwindwa na polisi. Vizuizi hapa ni viwili, ukabila wa nyumbani na dola ya kikoloni, na utaona vinavyosaidiana. Filamu yake ilitoka mwaka 2021, imeongozwa na Amil Shivji. Itazame, ila baada ya kusoma.

4. Nyota ya Rehema, cha Mohamed Suleiman Mohamed, 1976. Kwangu mimi hiki ndicho kizito kuliko vyote. Rehema ni mtoto wa mwenye mashamba, lakini weusi wa ngozi yake unamfanya asihesabiwe mtoto kamili wa nyumba ile. Anakimbia, dunia inamchapa, na mwisho anatulia na Sulubu, mkulima mwenye mikono migumu na moyo laini. Halafu ardhi wanayoitolea jasho inakuja kudaiwa. Nani anasema hapana? Rangi na hati ya shamba. Ukitaka kuelewa hasira iliyokuwa imejaa mashambani, anza hapa.

5. Sayyidat al-Qamar, cha Jokha Alharthi wa Oman, 2010. Kiingereza chake kinaitwa Celestial Bodies, tafsiri ya Marilyn Booth, na mwaka 2019 kilishinda tuzo ya kimataifa ya Man Booker, kitabu cha kwanza cha Kiarabu kuipata. Ni hadithi ya dada watatu na ndoa zao katika kijiji cha Oman. Mkubwa, Mayya, anampenda mtu kimya kimya, anaozwa mwingine, na binti yake anamwita London. Humo yumo pia Zarifa, mtumwa wa mfanyabiashara, aliyemlea mume wa Mayya. Utumwa Oman ulipigwa marufuku mwaka 1970 tu, yaani watu waliouona bado wanaishi. Nani anasema hapana? Heshima ya nyumba, na ukimya unaoilinda. Wenzetu wa Maskati, someni hiki mkiwa na Nyota ya Rehema pembeni. Vinazungumza.

Tahadhari moja kabla sijaweka kalamu chini. Riwaya si ushahidi wa mahakamani. Mwandishi ana upande wake, anachagua nani aonekane na nani abaki jikoni. Ukitaka tarehe na hesabu, soma vitabu vya historia. Riwaya inakupa kitu kingine: namna sheria, deni au rangi ilivyoingia mpaka chumbani kwa watu.

Kuvipata si kazi kubwa. Maktaba ya SOAS pale London ina vitabu vingi vya Kiswahili, na maktaba ya chuo chako inaweza kukuazimia kutoka chuo kingine, uliza tu. Walioko likizo nyumbani, rudini na nakala mbili badala ya moja.

Na pendekezo langu ni hili: usisome na rafiki yako wa kwenu. Mtafute yule mnayebishana naye, chagueni kitabu kimoja, mpeane wiki tatu, halafu kila mmoja ajibu yale maswali matatu kwa niaba ya mhusika asiyefanana naye. Mtu wa Maskati amsemee Sulubu, mtu wa Unguja amsemee Mayya. Mkiweza hilo bila kupandishiana sauti, mmefanya kazi ambayo wazee wetu wengi hawakupata nafasi ya kuifanya.

Kila la kheri na mitihani, na tukutane toleo lijalo, Inshallah.