Maradhi ya Kutikisa Kichwa

SWALI: Daktari, mtoto wa dada yangu aliyeko Maridi huinamisha kichwa mara kwa mara kila aletewapo chakula. Majirani hapa Jebel wanasema ni damu ya ukoo. Je, tumtengee sahani? — Mama wa Jebel, Juba

JIBU: Bibi, maradhi hayo hayaambukizi kwa kula sahani moja; ni namna ya kifafa, ambayo Daktari Louise Jilek-Aall aliishuhudia Mahenge, Tanganyika, tangu miaka ya 1960.

Seli za ubongo huarifiana kwa umeme hafifu, na kifafa huja umeme huo ukivurugika; ndani ya seli hizo zimo protini, kila moja ikiundwa kwa amri ya jeni yake. Mojawapo ni leiomodini-1, ambayo jeni yake, LMOD1, sote tunayo, si ukoo mmoja tu. Mwaka 2017 wataalamu wa Marekani, miongoni mwao Tory Johnson na Avindra Nath, walikuta katika damu ya baadhi ya wagonjwa wa Uganda kingamwili zinazoishambulia protini hiyo, wakadhani kwamba mwili, ukipigana na mnyoo wa usubi (upofu wa mtoni), ambao una protini zinazoshabihiana nayo, hujidhuru wenyewe. Dhana hiyo haijawa yakini, kwani si wagonjwa wote walioonekana nazo. Walakini uhusiano wa maradhi haya na usubi ni dhahiri, na huko Maridi inzi weusi wanaoueneza huzaliana penye maji yaendayo kasi kwenye bwawa la mji huo.

Basi mtoto aleni naye, apewe dawa za kifafa kila siku bila kukatiza, jamaa wote wanaoruhusiwa wameze ivermektini kila igawiwapo, wala asiachwe peke yake karibu na moto au mto.