Shule ya Visiwani: Anderson High School ya Lerwick

Katika somo la juma hili twaitazama shule moja ya sekondari iliyo mbali sana kaskazini mwa Uskoti, katika visiwa vya Shetland. Visiwa hivyo hupita mia moja kwa hesabu, lakini vinavyokaliwa na watu ni kama 16 tu, na watu wote pamoja ni kama 23,000. Mji wao mkubwa ni Lerwick. Mji huo u karibu zaidi na Bergen, katika nchi ya Norwe, kuliko Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti. Wala si ajabu, kwani mpaka mwaka wa 1469 visiwa hivi vilikuwa mali ya mfalme wa Denmark na Norwe. Mtu atokaye bandari ya Aberdeen kwa meli husafiri usiku kucha ndipo afike. Upepo ni mkali hata miti haistawi ila mahali pachache penye kinga. Mwezi wa Desemba jua huonekana kwa muda usiotimia saa sita, na mwezi wa Juni usiku hauwi giza hasa.

Sasa, msomaji, fikiri habari za wazazi wakaao katika kisiwa chenye watu sitini, au chenye watu thelathini, na bahari ya dhoruba pande zote. Watoto wao watapataje elimu ya sekondari? Serikali haiwezi kujenga maabara na karakana kwa ajili ya watoto wawili, na mwalimu mmoja hawezi kufundisha hesabu, kemia, Kifaransa na muziki pamoja. Basi haina budi mtoto aifuate shule huko iliko. Swali hilo ndilo lililowashughulisha watu wa Shetland tangu shule hii ilipofunguliwa mwaka wa 1862, na hata sasa halijesha.

Mwenye kuianzisha hakuwa mwalimu wala padre, wala hakuzaliwa na mali. Jina lake Arthur Anderson. Alizaliwa mwaka wa 1792 huko Gremista, karibu na Lerwick, katika nyumba ya mawe iliyojengwa kwa ajili ya kazi ya samaki. Angali mtoto, aliajiriwa na mfanyi biashara mmoja aliyeitwa Thomas Bolt kuwa kijana wa pwani. Samaki walipoletwa walipasuliwa, wakatiwa chumvi, kisha wakatandazwa juu ya mawe ya ufuko wakauke, mfano wa ng'onda wanaoanikwa katika pwani yetu. Kazi ya kijana ilikuwa kuwageuza, na kuwakusanya upesi mvua ikitishia; na huko mvua hutishia karibu kila siku.

Zamani hizo Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa, na manowari zilikuwa zikituma watu pwani kukamata vijana kwa nguvu ili wawe mabaharia. Bolt alimkinga kijana wake asikamatwe, kwa sharti kwamba atakapokuwa mkubwa aende mwenyewe kwa hiari. Mwaka wa 1808 Anderson akaenda. Walipoagana, Bolt alimwambia maneno machache kwa lugha ya kwao: tenda vema, ustahimili. Maneno hayo baadaye yakawa wito wa shule, nayo yameandikwa kwa matamko ya Kishetland. Shule nyingi za Uingereza zilijichagulia maneno ya Kilatini ambayo mzazi hawezi kuyasoma. Kwa maoni yangu hawa walichagua vizuri zaidi, kwa kuwa kila mvuvi aliyepita langoni aliyaelewa.

Vita vilipokwisha mwaka wa 1815, Anderson aliachishwa kazi huko Portsmouth, akaenda London kwa miguu kutafuta riziki. Alipata kazi ya ukarani kwa wakala wa meli aitwaye Brodie McGhie Willcox, na baada ya miaka kadhaa akawa mshirika wake. Wawili hao ndio walioanza kupeleka barua za serikali Hispania na Ureno kwa meli za moshi mwaka wa 1837, na mwaka wa 1840 kampuni yao ikapata hati ya kifalme na jina la Peninsular and Oriental, yaani P&O. Wazee wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam watakumbuka meli za British India, kama vile Kampala na Karanja, zilizokuwa zikija kutoka Bombay. Kampuni ya British India iliunganishwa na P&O mwaka wa 1914.

Utajiri haukumfanya Anderson asahau kwao, na alijua vema lililowatesa watu wa huko. Wakulima wengi wa Shetland walikuwa wapangaji katika ardhi ya mabwana wakubwa. Mpangaji alilazimishwa kuvua samaki kwa ajili ya bwana wake, akamwuzia kwa bei aliyoipanga bwana huyo, kisha akanunua unga na kamba katika duka lake yeye yule. Mwisho wa mwaka hesabu ilipofanywa, mara nyingi mvuvi alikuwa na deni. Na mtu asiyejua kusoma hesabu iliyoandikwa na mwenziwe atabishaje? Anderson alianzisha gazeti, Shetland Journal, mwaka wa 1836, na mwaka wa 1837 kampuni ya uvuvi iliyowapa wavuvi njia nyingine ya kuuza samaki wao. Kuanzia mwaka wa 1847 hadi 1852 alikuwa mjumbe wa Bunge kwa ajili ya Orkney na Shetland. Ndipo uzeeni akajenga shule kwa gharama yake mwenyewe. Ikaitwa Anderson Educational Institute. Mwaka wa 1865 alijenga pia nyumba za wajane wa mabaharia na wavuvi, na mwaka wa 1868 akafariki.

Jengo lake la mawe lilisimama juu ya mlima mdogo uitwao Knab, likielekea mlango wa bahari kati ya Lerwick na kisiwa cha Bressay. Yafaa kukumbuka kwamba lilijengwa miaka kumi kabla ya Sheria ya Elimu ya Uskoti ya mwaka wa 1872, iliyowalazimisha wazazi wote kuwasomesha watoto wa miaka mitano mpaka kumi na mitatu. Lakini sheria hiyo ilitia nguvu katika elimu ya chini. Elimu ya juu zaidi iliendelea kuwa ya wachache, hasa watoto wa mjini.

Kwa mtoto wa kisiwani kizuizi kilikuwa malazi kuliko akili. Ilikuwa lazima apate chumba Lerwick kwa jamaa au kwa watu baki, na kodi, chakula na makaa vyote vilidai fedha taslimu, ambazo nyumba ya mvuvi ilikuwa nazo kwa nadra. Kwa hiyo mimi nayahesabu mabweni kuwa jambo kubwa katika historia ya shule hii, karibu sawa na kuanzishwa kwake. Katika karne ya 20 mabweni mawili yalijulikana na kila jamaa ya Shetland: Bruce Hostel na Janet Courtney Hostel. Mtu aliyelelewa Unst au Foula akikutana na mwenzake ugenini, swali la kwanza huwa ni bweni gani alilala.

Karne hiyo hiyo shule ilikua, ikachukua wanafunzi wa kila namna badala ya wale waliochaguliwa kwa mtihani tu, na jina likawa Anderson High School. Majengo mapya yakaongezwa kulizunguka lile la kwanza, moja hapa na jingine pale.

Kisha yakaja mafuta. Yalipatikana chini ya bahari mashariki mwa visiwa, na mwaka wa 1978 yakaanza kufika kwa mabomba katika kituo cha Sullom Voe. Halmashauri ya Shetland ilikuwa imejitayarisha mapema. Ilidai malipo kwa mafuta yapitayo, na fedha hizo zikawekwa akiba kwa faida ya wenyeji. Nyumba za wazee zilijengwa, na kumbi za michezo hata vijijini. Ukumbi mkubwa wa michezo wa Clickimin, Lerwick, ulifunguliwa mwaka wa 1985.

Karibu na Clickimin ndipo shule ilipohamia mwaka wa 2017, ikauacha mlima wa Knab baada ya miaka 155. Kazi hiyo iligharimu zaidi ya pauni milioni 55, na Serikali ya Uskoti ilichangia. Shule mpya ilipangwa itoshe wanafunzi 1,180, na kando yake bweni la watu 100. Vyumba vya sayansi, karakana, jiko la kufundishia upishi na vyumba vya muziki vimo chini ya paa moja, jambo ambalo mtu wa nchi za jua huenda asilione kuwa kubwa. Lakini pale Knab wanafunzi walikuwa wakitoka jengo hadi jengo katika upepo wa Januari. Kwa michezo wanakwenda Clickimin jirani, penye bwawa la kuogelea.

Muziki una nafasi yake ya pekee. Fidla ni chombo cha wenyeji tangu zamani, lakini kilianza kubaki mikononi mwa wazee. Tom Anderson, mpigaji mashuhuri aliyeishi kutoka mwaka wa 1910 hadi 1991, aliona hatari hiyo, na katika miaka ya 1970 akaanza kufundisha fidla katika shule za Shetland. Leo vijana wa huko wapigao fidla ni wengi, na baadhi yao wamejulikana duniani. Ufumaji wa sufu haukupata bahati hiyo. Ulikuwa ukifundishwa katika shule za chini za visiwa hivi, ambavyo fulana zake za Fair Isle zajulikana kila mahali, lakini mwaka wa 2010 halmashauri ilikata gharama na somo likaondolewa. Hasara hiyo haionekani katika kitabu cha hesabu.

Shule ya Lerwick si ya pekee. Brae ina sekondari yake kamili, na Unst, Yell, Whalsay, Aith na Sandwick zina shule zifundishazo miaka minne ya kwanza. Baada ya hapo anayetaka mitihani ya juu, iitwayo Higher, huenda Lerwick au Brae. Shule hizo ndogo ni ghali kwa kila mwanafunzi, na halmashauri imezitazama mara nyingi kwa jicho la mwenye kushika mfuko. Sekondari ya Scalloway ilifungwa mwaka wa 2011. Ubishi mkali zaidi ulikuwa juu ya Out Skerries, visiwa vidogo sana mashariki, ambavyo sekondari yake ilikuwa na wanafunzi wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Halmashauri ilisema kwamba gharama ni kubwa mno, tena kwamba kijana apaswa kusoma pamoja na wenzake wa umri wake. Wazazi walijibu kwamba mtoto wa miaka kumi na miwili angali mdogo kuondolewa nyumbani, na kwamba jamaa wenye watoto watahama mmoja mmoja mpaka kisiwa kibaki na wazee. Kila upande ulikuwa na hoja, nami sioni kwamba fedha peke yake zingeweza kuikata kesi hiyo. Mwaka wa 2014 sekondari ya Skerries ilifungwa.

Watoto wa Fair Isle na Foula wameyazoea maisha hayo kwa vizazi. Wamalizapo shule ya chini huenda Lerwick, wakalala bwenini, na hurudi kwao baada ya majuma kadhaa. Fair Isle i katika bahari wazi, kwa mashua ndogo au kwa ndege ndogo ya watu wachache. Ukungu ukishuka ndege hairuki, na bahari ikichafuka mashua haiondoki. Basi mtoto aliyekwisha kufunga sanduku lake hulifungua tena, na walezi wa bweni humwekea chakula cha jioni mpaka hali itulie.