Tujenge Pamoja, Tusije Tukabomoa



Katika somo hili tunataka tuulizane: choo, soko au darasa likijengwa, nani anafaa kuulizwa? Wengi hujibu haraka: mwenye pesa na fundi. Jibu hilo ni nusu tu.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Kamati moja tuliyofanya nayo kazi ilijenga choo cha soko. Ramani ilichorwa, fundi akapatikana, kazi ikaisha mapema, tukapiga makofi. Mvua ya kwanza iliponyesha, maji ya mtaro yakateremka moja kwa moja hadi kwenye njia ya chemchemi. Mama mmoja anayeuza mboga akatuambia, "Mngetuuliza. Sisi ndio tunajua maji hupita wapi." Tena mlango ulitazama barabara, kwa hiyo akina mama waliona haya kuingia. Kumbe tulijenga choo cha watu bila watu! Mtaro ukachimbwa upya, na gharama ikawarudia walewale ambao hatukuwauliza.

WADAU NI NANI?

Ni kila mtu atakayefaidika au kuumia. Hapa Nyansiongo, wazee wetu waligawiwa mashamba ya walowezi miaka ya 1960. Leo mashamba hayo yamegawanywa kwa watoto, na kila mmoja anajenga. Matofali ya kuchoma yanataka kuni, na kiwanda cha chai nacho kinataka kuni. Tukipanda blugamu hadi kando ya kijito, maji hupungua. Basi mchoma matofali, mkulima wa chai, mwenye miti na mama anayechota maji wote ni wadau.

HATUA NNE ZA KUFUATA

1. Tembeeni pamoja mahali pa ujenzi kabla ya kuchora ramani. Muonyeshwe maji hupita wapi.

2. Sikilizeni kila kundi peke yake: akina mama, vijana, watu wenye ulemavu. Barazani, waliozoea kusema ndio husema tu.

3. Wekeni hesabu wazi. Kwa mfano, paa la mabati la mita 8 kwa 6 likipata mvua ya milimita 20, hukusanya karibu lita 960. Hata zikipotea kidogo, mama amepunguziwa safari nyingi za mtoni. Tena kuna matofali ya udongo na saruji kidogo yanayoshindiliwa kwa mashine. Hayachomwi, huwekwa kivulini na kumwagiwa maji kwa siku 7 au zaidi. Lakini mchoma matofali atakula nini? Mfundisheni yeye kwanza kutumia hiyo mashine, la sivyo mmemnyang'anya kazi na atawapinga, na ana haki.

4. Andikeni nani atashika funguo, nani atasafisha, nani atazibua mtaro. Jengo lisilo na mtunzaji huanza kuzeeka siku linapofunguliwa.

Tusidhani kuulizwa ni hisani ya wakubwa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 10, inautaja ushiriki wa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya taifa. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihimize wananchi washiriki katika kutunza mazingira. Kwa hiyo Kaunti ya Nyamira ikiita mkutano wa bajeti, twende. Baba Mtakatifu Fransisko naye, katika waraka wake wa 2015, aliiita dunia nyumba yetu sote.

Wazee wetu walikuwa na egesangio: leo shamba lako, kesho langu. Hakuna aliyelima peke yake. Na sisi tusipange peke yetu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Ni jengo gani kwetu lilijengwa bila watu kuulizwa? Likoje leo?
2. Chemchemi yetu ina maji kama zamani? Kama hayako, ni kwa nini?
3. Katika mradi wetu ujao, ni nani ambaye hatujamwita bado? Nani atamwendea wiki hii?