Maktaba za Bure: Sheria Yake Ilianza Vipi?



Katika nchi za Kiislamu, tangu zamani, wenye uwezo waliweka vitabu wakfu misikitini na madrasani ili wanafunzi wavisome. Lakini wakfu humtegemea mtoaji. Mji usio na mtoaji ufanye nini? Katika somo hili tutaangalia jinsi Uingereza ilivyolijibu swali hilo kwa sheria.

Mwaka 1849 kamati ya Bunge iliyoongozwa na William Ewart ilichunguza hali ya maktaba. Shahidi wake mkubwa alikuwa Edward Edwards, mtoto wa mwashi wa London, ambaye naye alijifunza uashi kabla ya kuajiriwa British Museum. Alieleza kuwa Uingereza ilikuwa nyuma ya nchi nyingi za Ulaya kwa maktaba zilizo wazi kwa watu wote.

Wapinzani walikuwa wengi. Baadhi walilalamikia kodi mpya, na wengine walihofu kuwa wafanyakazi wakikusanyika na kusoma watachochewa. Kanali Sibthorp, mbunge wa Lincoln, alisema yeye mwenyewe hapendi kusoma kabisa! Hata hivyo, tarehe 14 Agosti 1850 sheria ilipita. Masharti yake makubwa yalikuwa haya:

1. Mji uwe na watu 10,000 au zaidi.
2. Theluthi mbili ya walipa kodi watakaopiga kura wakubali.
3. Kodi isizidi nusu peni kwa kila pauni ya thamani ya majengo. Pauni moja wakati huo ilikuwa peni 240.
4. Watu waingie bila malipo.

Kulikuwa na kasoro moja kubwa: fedha za kodi hazikuruhusiwa kununua vitabu. Zilitosha jengo, taa na mshahara, lakini rafu zilingoja wahisani. Hata hivyo watu wa Manchester hawakukata tamaa. Walichanga, matajiri kwa wafanyakazi, na mwaka 1852 walipiga kura: 3,962 walikubali, 40 tu walikataa. Mwezi Septemba mwaka huo maktaba ikafunguliwa, na Edwards, yule mtoto wa mwashi, akawa mkutubi wake wa kwanza.

Mwaka 1855 sheria ilirekebishwa. Kodi ilipanda hadi peni moja, vitabu vikaruhusiwa kununuliwa, na miji ya watu 5,000 ikaingizwa. Kikomo cha peni moja kiliondolewa mwaka 1919.

Kwetu Afrika Mashariki sheria kama hizi zilikuja baada ya uhuru: Tanganyika mwaka 1963 na Kenya mwaka 1965, kila moja ikiunda bodi ya maktaba ya taifa.

Tujifunze kwamba jengo peke yake si maktaba. Sheria hufungua mlango, lakini vitabu viwepo, navyo vipate wasomaji. Basi tuzitumie maktaba zilizo karibu nasi, na tuvitunze vitabu vyake, kwani anayechana ukurasa amemnyima atakayekuja baada yake.

Maswali

1. Wakfu wa vitabu na maktaba ya kodi vinatofautiana wapi?
2. Sheria ya 1850 ilikuwa na kasoro gani, na ilirekebishwa lini?