Pasaka Imepita, Kusi Imeingia



Jumatatu ya Pasaka ikishapita, hali ya Shimoni hubadilika upesi. Kaskazi imekwisha, kusi inaanza kuvuma na masika yako njiani. Mashua za kupeleka watalii Kisite hukaa gatini siku nyingi, na huko Diani wafanyakazi wa hoteli huanza kupewa likizo zisizo na malipo. Papo hapo watoto wanadaiwa karo ya muhula wa pili.

Tuchukue mfano wa nyumba moja. Mume ni nahodha wa mashua ya watalii; mke ni mama karanga, hukaanga samaki na kuuza. Wakati wa Kwaresima walifunga pamoja, wakafuata Njia ya Msalaba kila Ijumaa, na katika Jumuiya walijadili kijitabu cha Kampeni ya Kwaresima. Usiku wa Mkesha walishika mishumaa wakarudia ahadi za ubatizo. Wiki tatu baadaye hawasali hata kabla ya kulala. Jumapili mume husema amechoka. Mke huenda Misani na watoto, na akirudi hasemi neno, huweka sahani mezani kwa kishindo. Mume hudhani mkewe anamwona mpagani. Mke hudhani mumewe alikuwa akijionyesha tu. Wote wawili wamekosea. Mume anaona haya kwenda kanisani bila sadaka mfukoni. Hajasema, na mkewe hajauliza.

Tumezoea kuita jambo hili ulegevu wa imani, na ulegevu upo. Lakini naona mara nyingi kinacholegea kwanza ni mazungumzo ya mume na mke. Sala hufuata.

Kanisa kama mama limelifikiria jambo hili. Kwaresima ilipewa siku 40, lakini kipindi cha Pasaka kina siku 50, hadi Pentekoste. Siku hizo zote sala ya Malaika wa Bwana huachwa, tukasali Malkia wa Mbingu, sala fupi isiyomaliza dakika mbili. Hata jirani zetu Waislamu, Idi ikipita, wengi wao hufunga tena siku sita za Mfunguo Mosi, na si faradhi.

Someni pamoja Yohane sura ya 21. Petro amekwisha kumwona Bwana mfufuka, lakini anawaambia wenzake kwamba anakwenda kuvua. Usiku kucha hawakupata kitu. Alfajiri Yesu yuko ufukweni. Hakuwakemea kwa kurudia nyavu zao. Aliwauliza kama wana kitoweo, nao wakajibu wazi kwamba hawana. Walipofika nchi kavu walikuta makaa yanawaka, samaki na mkate juu yake, akawaita wale. Ni baada ya chakula ndipo alipomuuliza Petro juu ya upendo.

Basi, mama, usimtume mtoto kumwita baba yake kanisani, wala usimshitaki kwa wazee wa Jumuiya. Muulize, “Baba watoto, kuna nini?” Nawe baba, jibu kama wale wavuvi walivyojibu. Kuhusu sadaka, Misa haina kiingilio. Asiye na kitu aende mikono mitupu, Mungu anamjua.

Kisha chagueni jambo moja tu mlilofanya pamoja wakati wa Kwaresima. Msichague matano, maana mtachoka kabla ya Kupaa kwa Bwana. Marehemu Papa Fransisko, katika wosia wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alizitaka familia zitafute dakika chache tu kila siku za kusali pamoja. Na kusi ina faida yake: mwanamume aliyezoea kutoka na giza sasa yuko nyumbani asubuhi. Chai ikiwa mezani, salini Malkia wa Mbingu kabla ya kumimina. Mmoja akiwa hana moyo siku hiyo, mwenzake asali kwa sauti naye asikilize tu. Inatosha.

Maswali ya kujadiliana, watoto wakishalala:

Ni jambo gani tulilofanya pamoja wakati wa Kwaresima ambalo wewe umelikosa?

Tangu Pasaka, kuna shida gani ya fedha ambayo sijakuambia?