Laktomita haioni bruselosi

Hapa Kiminini mteja akija na jagi lake asubuhi, hofu yake ni kwamba maziwa yametiwa maji. Hilo laktomita hulimaliza papo hapo. Lakini ng'ombe mwenye bruselosi au kifua kikuu anaweza kutoa maziwa meupe, matamu, yasiyo na dosari machoni. Kwa hiyo anayeuza maziwa mabichi asitosheke na leseni ya Bodi ya Maziwa.

Kwa bruselosi, mimi huanza na kipimo cha pete. Daktari huchanganya maziwa ya kundi zima na matone ya dawa ya rangi ya zambarau, kisha huyaacha kwenye joto la nyuzi 37 kwa saa moja. Krimu ikipanda na rangi yote, chini pakabaki peupe, hiyo ndiyo pete, na kuna shaka. Usitie maziwa ya ng'ombe aliyezaa juzi wala mwenye ugonjwa wa kiwele, hupotosha majibu.

Pete ikitokea, kila ng'ombe atolewe damu. Wangu hutolewa kwenye mshipa ulio chini ya mkia. Chupa isitikiswe, isimame mpaka maji ya damu yajitenge, ndipo iende na barafu hadi maabara ya mifugo ya serikali, Eldoret. Mtamba aliyechanjwa S19 mtaje mapema, maana chanjo hiyo huweza kuleta majibu ya uongo.

Kifua kikuu hupimwa shingoni: ngozi hunyolewa, hupimwa unene, hudungwa sindano, kisha hupimwa tena baada ya saa 72. Daktari asiyerudi siku ya tatu hajapima kitu, kwa hiyo usimlipe zote siku ya kwanza. Na awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo.

Ng'ombe niliyemnunua Chwele au Kitale hukaa peke yake na hukamwa mwisho hadi majibu yatoke. Kibali cha kusafirisha mifugo kinamruhusu barabarani tu. Akitupa mimba, kondo lisiguswe kwa mikono mitupu, na ofisi ya mifugo ya kaunti ijulishwe siku hiyo hiyo. Akipatikana na bruselosi, kumrudisha sokoni ni kumuuzia jirani ugonjwa.

Nanyi wateja wangu, chemsheni hata nikiwaonyesha majibu safi. Maziwa mabichi yakigeuka mala au mursik, bruselosi yaweza kubaki humo.