Kupima Kinga ya Afya ya Akili Mahali pa Kazi

Katika Mkoa wa Dodoma jina la Mirembe hutamkwa mara nyingi kwa mzaha. Mtu akikosea hesabu dukani, au akisahau alichotumwa, wenzake humwambia kwamba sasa amefikia hatua ya kupelekwa huko. Hospitali hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1927 na ambayo leo ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, haistahili mzaha huo. Na mzaha wenyewe si mwepesi kama unavyodhaniwa. Mfanyakazi anayeishi kati ya watu wanaocheka hivyo hawezi kusimama mbele ya mkuu wake wa kazi na kusema kwamba hii ni wiki ya tatu hapati usingizi. Atasema anaumwa kichwa. Kwa hiyo ofisi inapotoa taarifa kwamba haina mfanyakazi hata mmoja mwenye tatizo la akili, taarifa hiyo haithibitishi usalama. Huenda inathibitisha hofu.

Ndiyo sababu kipimo cha kinga hakianzi kwa kuhesabu wagonjwa. Ubora wa paa haujulikani kwa kuhesabu walionyeshewa, hasa ikiwa wamejificha. Sharti mtu apande akatazame mabati na misumari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Septemba 2022 kuhusu afya ya akili kazini, lilielekeza macho kwenye mazingira ya kazi yenyewe na mafunzo ya wasimamizi, pamoja na msaada kwa aliyekwisha kuathirika. Shirika hilo linakadiria kwamba dunia hupoteza siku za kazi bilioni 12 kila mwaka kwa sababu ya sonona na wasiwasi uliopitiliza.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mtaalamu wala fedha. Ni kumbukumbu ambazo kila mwajiri anapaswa kuwa nazo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku kwa mfanyakazi asiye wa ngazi ya usimamizi. Saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne. Mapumziko ya saa 24 kila wiki. Na likizo ya mwaka ya siku 28. Mganga mfawidhi, mwalimu mkuu au mwenye kiwanda cha kusaga nafaka anaweza kuketi na daftari la mahudhurio na kujiuliza: ni wafanyakazi wangapi walimaliza likizo yao mwaka uliopita? Nani amelala zamu za usiku mfululizo? Ni wangapi wameomba uhamisho, na kutoka chini ya msimamizi yupi? Tahadhari moja yafaa hapa. Daftari linaweza kuonyesha kwamba muuguzi alikuwa likizoni, ilhali simu yake ililia kila asubuhi akiulizwa dawa zimewekwa wapi. Likizo ya namna hiyo haipaswi kuhesabiwa.

Kipimo cha pili ni hojaji. Nchini Uingereza, mamlaka ya usalama na afya kazini hutumia hojaji ya maswali 35 yanayogusa maeneo sita: uzito wa kazi, uhuru wa mfanyakazi katika kupanga kazi yake, msaada anaoupata, mahusiano na wenzake, kueleweka kwa wajibu wake, na jinsi mabadiliko yanavyoendeshwa. Eneo la mwisho lina maana ya pekee Dodoma. Baada ya tangazo la Julai 2016 la kuhamishia Serikali makao makuu, watumishi wengi walisafiri takriban kilomita 450 kutoka Dar es Salaam, na baadhi yao waliacha wenzi na watoto nyuma. Ofisi iliyowapa taarifa mapema na ofisi iliyowapa barua dakika za mwisho haziwezi kupata alama sawa, hata kama majengo yao yanafanana.

Hata hivyo, hojaji iliyotungwa kwa ofisi yenye mamia ya watu huleta shida katika kata. Zahanati ya kijiji yaweza kuwa na watumishi wanne. Mmoja tu ni mwanamume, mmoja tu ana umri chini ya miaka 30, na mwandiko wa kila mmoja unajulikana kwa wengine kutokana na vitabu vya wagonjwa. Ukimwuliza muuguzi wa hapo kama msimamizi wake humdhalilisha, kisha karatasi ikapita mikononi mwa msimamizi huyohuyo, jibu limekwisha kuandikwa kabla hajashika kalamu: hapana. Njia iliyo salama zaidi ni kuunganisha majibu ya zahanati kadhaa, au shule kadhaa, yakusanywe na mtu asiye na mamlaka juu ya wahojiwa, na matokeo ya kundi dogo yasitangazwe peke yake. Maswali ya umri na jinsia yaondolewe. Hayana faida inayolingana na hatari yake. Swali moja lisikose: je, mtu akieleza shida yake hapa, humpata nini baadaye?

Vijana wanaohudumu katika baa na migahawa, pamoja na vibarua wa mashamba ya zabibu, hawana daftari la likizo wala mkutano wa watumishi. Kwao, kipimo ni mazungumzo ya ana kwa ana, nje ya eneo la kazi, kuhusu saa walizofanya kazi juma lililopita na malipo waliyopokea.

Matokeo yakishapatikana, yabandikwe kwenye mbao za matangazo pamoja na jambo moja au mawili yatakayobadilishwa na tarehe ya kupimwa tena. Hojaji iliyojazwa ikafungiwa kabatini huwafundisha wafanyakazi kutojaza ya pili. Mwajiri anayehitaji maelekezo anaweza kuwaona wakaguzi wa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, wanaofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2003. Mfanyakazi aliyeugua, akiwa na hati ya daktari, ana haki ya siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, na maradhi ya akili ni maradhi kama mengine.